Prosesa: Kwa Nini Dada Nilimwambia Asubiri, Mpwa Nikamwambia Anunue

Wiki moja, simu mbili. Jumatatu alipiga dada yangu wa Tabata. Kompyuta yake imekuwa kobe: ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai, ukarudi na kuikuta bado inazungusha kile kiduara. Fundi wa mtaani kaiangalia akamwambia dawa ni moja tu, atoe prosesa aliyonayo, ule ubongo wa kompyuta, aweke i7. Hela anayo, alitaka tu nimwelekeze duka. Alhamisi akapiga mpwa wangu wa Kimara, na habari yake ilikuwa kinyume kabisa: "Anko, mimi hii sigusi kitu. Nasubiri nikamate mashine mpya nzima, hata ikifika mwakani."

Wote wawili niliwapinga. Dada nikamwambia asubiri, mpwa nikamwambia anunue, na kwa siku kadhaa kila mmoja aliona kama nampendelea mwenzake. Naziweka hesabu zangu hapa kwa sababu kompyuta za aina hizi mbili zimejaa majumbani Dar: ile ya ofisi iliyotumika, na ile ya kuunga mwenyewe. Yako huenda ni mojawapo.

Mashine zenyewe

Ya dada ni lile boksi jeusi la kulala ambalo umeliona kila steshenari. Imefanya kazi ofisini Ulaya miaka kadhaa, ikapakiwa kwenye kontena, ikashushwa bandarini na kuuzwa Kariakoo pamoja na skrini na kibodi. Ndani kuna Core i5-6500, prosesa ambayo Intel waliitoa mwaka 2015: viini vinne (viini ndio wafanyakazi wake wa ndani), nyuzi nne (nyuzi ni kazi zinazoshikwa kwa mpigo), mwendo wa gigahezi 3.2 unaopanda hadi 3.6 kazi ikibana. RAM, kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ni GB 8 za aina ya DDR4, na hadidiski ni ya kuzunguka. Dada anatunza hesabu za vikoba viwili kwenye Excel, anachapa kadi za michango na barua za watu, na kivinjari chake sijawahi kukikuta na kurasa chini ya 20. Shoga yake wa kikoba ana kompyuta yenye stika ya i7. Hilo nalo liweke akilini.

Ya mpwa aliiunga mwenyewe, kipande leo, kipande mwezi ujao: Ryzen 5 1600 ya AMD, washindani wa Intel, ya mwaka 2017 yenye viini sita na nyuzi 12, madabodi (bao kuu linalobeba vipande vyote) ya B450, RAM GB 16, SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka), na kadi ya grafiki GTX 1660 Super. Anahariri video za harusi na sendofu, wikendi nyingine tatu kwa mpigo, na wateja wakishalala anacheza gemu.

Kwanza ujue nani anachelewesha

Kabla hujataja jina la prosesa yoyote, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Liache wazi, fanya kazi zako za kila siku, hasa ile inayokuudhi, halafu utazame asilimia.

Kwa dada nilikaa nusu saa na kikombe cha chai ya tangawizi. Prosesa ilikuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 30. RAM ilikuwa 90 na ushee. Diski ilikuwa 100, na ikabaki 100. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia vitu vya muda kwenye diski, na diski ya kuzunguka inasoma kwa mkono unaokimbia huku na huko juu ya sahani. Maombi madogo madogo inayoweza kuyahudumia ni kama 100 hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida kabisa inahudumia makumi ya maelfu. Kwa hiyo prosesa ya dada muda mwingi ilikuwa imekaa inasubiri. Ni kama mama ntilie aliyemtuma kijana mchele Ilala: ukimwongezea mpishi wa pili jikoni wali hautaiva mapema, watakuwa wawili wanaoangalia barabarani.

Nikafungua na boksi. Vumbi la Tabata likichanganyika na unyevu wa Dar linashikana kama pamba ya godoro, na feni ilikuwa imevaa hilo godoro. Ile pesti ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na bati la kupozea ilikuwa imekauka, inadondoka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Hili watu wa nchi za baridi wanaweza kulipuuza, sisi hatuwezi. Kuanzia Januari hadi Machi chumba kisicho na AC kinaianzishia prosesa safari kwenye digrii 32, na prosesa kama hii ya Intel ikikaribia 100 hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Unaweza kuwa na i7 inayotembea kama i3 kwa sababu ya vumbi tu. Nikapiga blowa nje uani, nikafuta pesti ya zamani, nikaweka mpya. Kwa kazi ileile joto lilishuka kutoka digrii 91 hadi 68 kwenye programu ya HWMonitor, ambayo ni ya bure. Gharama yake: tyubu ndogo ya pesti na shati langu kuwa jeusi.

Kwa mpwa nilimwambia afungue Task Manager wakati anatoa video ya mwisho ya harusi, anipigie picha. Nyuzi zote 12 zilikuwa juu kabisa, asilimia 100 kwa dakika 41. Diski ilikuwa kama imelala. Hapa prosesa ndiyo iliyokuwa inawachelewesha wengine, na hapa ndipo swali la kubadilisha au kusubiri linapokuwa na maana.

Soketi ni ileile, mlango si ule

Swali la pili, na watu wengi huliruka: madabodi yako inaruhusu kupanda hadi wapi?

Nilijifunza hili kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mashine ya Intel ya kizazi cha sita kama ya dada (ile 6 ya mwanzo wa 6500), nikaenda dukani kutafuta prosesa bora. Muuzaji akanitolea i5-8400, viini sita, nikaona nimeokota dodo chini ya mnazi. Nikamuuliza kama itaingia kwenye soketi, kile kiti cha prosesa kwenye madabodi. "Soketi ni hiyohiyo, kaka, 1151. Hesabu mwenyewe." Na kweli, idadi ya vituo vya umeme chini ya prosesa ni hiyohiyo. Nikaipachika, ikakaa vizuri kabisa. Nikawasha: feni inazunguka, skrini nyeusi. Intel walipotoa kizazi cha nane mwishoni mwa 2017 waliacha jina la soketi lilivyo lakini wakataka madabodi zenye chipseti (chipu zinazosimamia madabodi) za mfululizo wa 300. Za mfululizo wa 100 na 200 zikabaki nje. Nikarudi dukani nikaambiwa bidhaa ikishatoka mlangoni haina kurudi. Ile prosesa nilikuja kuiuza kwa hasara, na sikuwahi kuisikia ikifanya kazi.

Kwa hiyo dari ya dada ni Intel za kizazi cha sita, au cha saba madabodi ikikubali, na i7 niliyomtafutia ni i7-6700. Ziweke sasa ile i5 na hii i7 bega kwa bega. Zote ni za mwaka 2015. Zote zina viini vinne. Zote ni wati 65, kwa hiyo feni yake ya zamani ingetosha. Tofauti ni kwamba i7 ina nyuzi nane badala ya nne, mwendo wa gigahezi 3.4 hadi 4.0, na kumbukumbu ya ndani ya MB 8 badala ya 6. Anayefungua mafaili makubwa yaliyobanwa (zip) au kuhariri video ataiona hiyo tofauti. Anayejumlisha michango ya kikoba hataiona hata akipewa miwani. Nikiri pia kwamba kama dada angekuwa na i3-6100 yenye viini viwili, ningesita zaidi. Kutoka viini viwili kwenda vinne ni hatua ya kweli. Kutoka i5 hadi i7 ya kizazi kimoja, kwa kazi za dada, ni kubadilisha kanga ukabaki na mwili uleule.

Kwa mpwa hadithi inageuka. Soketi ya AM4 ambayo AMD waliianza 2016 waliilea muda mrefu kuliko kawaida ya soko hili. Madabodi ya B450 inapokea Ryzen za mfululizo wa 5000 ukisasisha BIOS, ile programu ya kuwashia mashine iliyo ndani ya madabodi, na mwaka 2022 AMD waliruhusu hata zile za mfululizo wa 300, kama B350 za 2017, kuzipokea. Maana yake madabodi aliyoinunua kwa ajili ya prosesa ya 2017 inaweza kubeba prosesa iliyotoka miaka mitano baadaye.

Tuziweke nazo bega kwa bega. Ryzen 5 1600 na Ryzen 5 5600 zote zina viini sita na nyuzi 12, na zote ni wati 65. Ukisoma boksi haraka utasema ni kitu kilekile. Lakini ya zamani inapanda hadi gigahezi 3.6, mpya 4.4. Kumbukumbu ya ndani ya tabaka la tatu ni MB 16 kwa 32. Halafu kuna kile kisichoandikwa kwenye boksi: kazi inayofanyika kwa kila pigo moja la saa. AMD wenyewe walitangaza kwamba usanifu wa Zen 2 ulipanda kwa asilimia 15 kwa mwendo uleule, na Zen 3, ambao ndio wa 5600, ukapanda tena kwa asilimia 19 juu ya huo. Zidisha yote matatu, 1.15 mara 1.19 mara tofauti ya mwendo, unapata kama 1.67. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, na maisha huwa yanakata kidogo. Hata ikikata, bado unaongelea theluthi ya muda wa kusubiri kuondoka bila kugusa kitu kingine chochote ndani ya boksi.

Kuna pia 5700X: viini vinane, nyuzi 16, na bado wati 65. Kwa mtu ambaye kutoa video ndiyo ugali wake, niliipa nafasi ya kwanza. Kwa gemu tu, 5600 ingemtosha, kwa sababu kadi yake ya grafiki ndiyo ingekuwa ya kwanza kuishiwa pumzi.

Lango la Windows 11

Hapa ndipo dada alipoanza kunisikiliza. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka rasmi Intel ya kizazi cha nane kwenda juu au Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama cha ndani ya kompyuta. Kizazi cha sita hakimo, iwe i3, i5 au i7.

Kwa hiyo dada angelipa hela ya i7, angemlipa fundi, halafu angebaki nje ya lango lilelile akiwa na prosesa ya bei zaidi. Ndiyo, kuna njia za kuirukisha Windows 11 ukuta, na mafundi wengi Kariakoo watakufanyia hapohapo ukingoja. Mimi kwa kompyuta yenye hesabu za hela za watu siwezi kushauri. Afadhali ujiandikishe kwenye mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada ya Windows 10, ambao kwa watumiaji wa nyumbani unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Nilimgusia na Linux. Akasema, "Mdogo wangu, usinitafutie kazi."

Mpwa naye alikuwa nje ya lango bila kujua, maana Ryzen za mfululizo wa 1000 hazimo kwenye orodha. Ila yeye akiweka 5600 au 5700X anaingia, na TPM ipo tayari ndani ya prosesa. Unaiwasha tu kwenye BIOS ikiwa imezimwa. Prosesa moja inamhamisha kutoka upande wa waliofungiwa. Kwa dada hakuna prosesa ya kununua inayofanya kazi hiyo, lazima boksi zima libadilike.

Kusubiri kunagharimu nini

Mpwa alikuwa na hoja nzito, nisimvunjie heshima. Soketi ya AM5 ilitoka Septemba 2022, AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi, na ukiingia leo utakuwa na nafasi ya kupanda baadaye kama alivyokuwa nayo kwenye AM4. "Kwa nini niweke hela kwenye soketi ya zamani, anko?"

Kwa sababu AM5 haiuzwi peke yake. Inakubali DDR5 tu, kwa hiyo RAM zake za GB 16 zingebaki kabatini. Angehitaji prosesa, madabodi na RAM kwa siku moja. Na RAM ndiyo imeharibu hesabu za kila mtu: kuanzia miezi ya mwisho ya 2025 bei zilipanda kwa kasi duniani kote, viwanda vikielekeza kumbukumbu kwenye vituo vikubwa vya akili unde. Tulizoea kuambiwa ukisubiri teknolojia inashuka bei. Safari hii aliyesubiri RAM alisubiri ipande. Wazee walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao wa mpwa, yaani RAM zake za DDR4, ghafla umekuwa na thamani kuliko alipoununua.

Tena kila mwezi anaousubiri anaulipia kwa muda. Video tatu kwa wikendi, kila moja ikirudiwa mara mbili tatu kwa sababu mama wa bwana harusi ameona jina la ukoo limekosewa: zile dakika 41 zinajilimbikiza kuwa usiku mzima.

Kwa dada, kusubiri hakumgharimu hivyo, mradi asisubiri akiwa na diski ile. Nilipozunguka kuuliza i7-6700 iliyotumika, duka la kwanza walitaja laki na themanini. La pili, hatua ishirini mbele, laki na thelathini kwa kitu kilekile. Bei hizi zinatembea na dola na sura yako, kwa hiyo zichukue kama mfano. Hata ile ya chini ilikaribia kutosha SSD ya GB 256 pamoja na kipande kimoja cha RAM kilichotumika. Na hapa kuna jambo ambalo naona mafundi hawaliongelei: SSD na RAM zinahama. Siku dada akipata boksi la kizazi cha nane, lenye i5-8500 kwa mfano, ambalo lina viini sita na limo kwenye orodha ya Windows 11, SSD yake anaichomoa na kwenda nayo, na RAM za DDR4 vilevile, kama boksi jipya linatumia vipande virefu vya kompyuta ya mezani na si vifupi vya laptop. i7-6700 isingehama. Ingebaki kwenye boksi la zamani na kuuzwa nalo kwa bei ya boksi.

Kompyuta hizo za kizazi cha nane ndizo dada anazozisubiri. Ofisi za nje zimekuwa zikizitoa, na kadiri makontena yanavyoingia ndivyo zinavyozidi kuonekana madukani kati ya zile za kizazi cha sita. Ukienda kununua, usisome stika ya mbele, stika zinauzwa. Washa mashine, fungua Task Manager, soma jina la prosesa kwenye ukurasa wa utendaji. Kwa namba za tarakimu nne kama hizi, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 6500 ni cha sita, 8500 ni cha nane.

Umeme nitaupitia mbio maana watu huuogopa bure. Prosesa hizi zote nilizozilinganisha ni za wati 65, kwa hiyo LUKU haitaona tofauti kubwa. Hata mashine ikizidi kwa wati 30, saa sita kwa siku, mwezi mzima ni uniti 5 na nusu hivi. Pasi inakula zaidi.

Jumamosi ya Kimara

Mpwa aliinunua 5700X. Nikapanda mwendokasi kwenda kumsimamia, kwa sababu kubadilisha prosesa ya AM4 kuna sehemu mbili zinazotoa jasho hata kukiwa na feni.

Ya kwanza ni BIOS. Lazima uisasishe ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani, kwa sababu BIOS ya zamani haiifahamu mpya na haitawaka. Unapakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji wa madabodi, kwa modeli yako kamili hadi herufi ya mwisho, unaweka kwenye flashi, unaingia BIOS na kuanza. Inachukua dakika chache, na katika hizo dakika umeme ukikatika madabodi inaweza kugeuka kigae. Mpwa alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe nilipomuuliza LUKU ina uniti ngapi. Akaenda kuangalia. Uniti 0.9, na jirani wanaochangia mita alikuwa anapiga pasi. Tulinunua uniti, tukaazima UPS, jirani akaombwa avae shati la jana, ndipo tukaendelea. Kama huna UPS na mtaa wenu umeme unacheza, mpelekee fundi mwenye nayo. Usibahatishe.

Ya pili ni kung'oa feni. Prosesa za AM4 zina miguu yake chini, 1,331, myembamba kama sindano, tofauti na Intel ambazo miguu iko kwenye madabodi. Pesti ikishika, ukivuta feni moja kwa moja prosesa inang'oka nayo ikiwa bado imefungwa kwenye soketi. Dawa ni kuiendesha mashine kwanza kwa kazi nzito mpaka ipate moto, uizime, uchomoe waya, halafu uizungushe feni kulia kushoto taratibu kabla ya kuinua. Nilimweleza yote hayo. Akavuta. Ikatoka na prosesa, na miguu minne imelala upande. Ilikuwa ile ya zamani, tunashukuru, lakini ndiyo aliyopanga kuiuza kufidia gharama. Tuliinyoosha kwa ncha ya penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi, mguu mmoja mmoja, taa ya simu mdomoni. Ilipona. Aliyeinunua aliambiwa ukweli wake, akapunguziwa.

Harusi ileile, mipangilio ileile: dakika 41 zikawa 23.

Wengine, kwa haraka

Mwenye laptop: mjadala huu haukuhusu. Prosesa za laptop za miaka hii karibu zote zimelehemiwa. SSD, RAM kama ina nafasi, na blowa.

Mwenye Intel ya kizazi cha nane hadi cha 11 au Ryzen 3000 na hana kazi nzito: kaa. Lango limeshapitwa, hakuna kinachokukimbiza.

Mwenye Ryzen asiye na kadi ya grafiki: 5600 na 5700X hazitoi picha zenyewe. Tafuta yenye herufi G mwishoni, kama 5600G, la sivyo utakutana na skrini nyeusi niliyoikuta mimi, kwa sababu nyingine.

Anayeuziwa i7 au i9 ya Intel ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika kwa bei ya kutupa: ulizia historia yake. Baadhi zilikuwa na tatizo la volteji lililoziharibu taratibu, Intel wakatoa marekebisho kupitia BIOS kuanzia Agosti 2024 na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Marekebisho yanazuia madhara, hayaponyi iliyokwisha kuumia. Na dhamana ya chipu iliyopita mikono mitatu kabla ya kufika Dar sijui utaidai kwa nani.

Dada sasa ana SSD na RAM GB 16. Kiduara kinazunguka sekunde chache tu, hata chai haijaanza kuchemka. Hela ya i7 kaitunza kwenye kikoba chake mwenyewe, anasubiri boksi la kizazi cha nane. Juzi kanitumia picha ya stika ya i7 aliyoiona inauzwa shilingi elfu moja Kariakoo, na swali chini yake: "Hii nikibandika kuna ubaya?"